Nyumba Moja Kisiwani Krete

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, ni zamani hii ya karibu ambayo wengine wenu mlishazaliwa, walikuwako wanawake watatu waliochoka.

Walikuwa wakiishi Krete, kisiwa cha bahari ya Mediterania, mahali ambapo ukiipa bahari mgongo unakutana uso kwa uso na mlima. Wa kwanza aliitwa Sikudhani, mtu wa Tanga. Huyo ndiye mkubwa wao na ndiye aliyetangulia kufika. Wa pili aliitwa Mashavu, mtu wa Wete, Pemba. Wa tatu aliitwa Koku, mtu wa Bukoba, mdogo kwa wenzake, ingawa naye mvi zilikwisha kumwingia.

Kazi yao ilikuwa moja: kutunza wazee wa watu. Kuwaosha, kuwalisha, kuwageuza kitandani wasipate vidonda. Mzee akifa, wanahamia kwa mzee mwingine. Anakufa naye, wanahamia tena. Waliwalilia wazee wasiokuwa wao mpaka machozi yakakatika, wakawa wanafunga tu mizigo na kuuliza anwani ya pili.

Mashavu alipofika kisiwani hakuwa na pa kulala. Sikudhani alimpa kitanda chake, yeye akalala chini. Koku alipofika hakuwa na pa kulala. Sikudhani na Mashavu walimpa kitanda, wao wakalala chini wote wawili. Ndivyo undugu wao ulivyoanza, katika chumba kimoja cha kupanga, mjini karibu na bandari, chumba ambacho jua lilikipitia dirishani kama mtu anayechungulia na kuondoka. Na humo ndimo walimoahidiana. Walisema: tukizeeka, hatutazeekea kwenye nyumba za watu. Tutanunua nyumba yetu, moja, tukae humo sote mpaka Mungu atakapotuita.

Basi wakaweka akiba pamoja. Wakaweka, wakaweka, hata ikafika siku akiba ikatosha nyumba. Nyumba moja, ndogo. Wakili aliwashauri iandikwe jina la Koku, maana Koku aliwahi kuolewa na mtu wa kisiwa, dereva wa basi aliyeitwa Yorgo, na ingawa Yorgo alikwisha kufariki, uraia aliomwachia mkewe ulibaki. Wakakubali. Dalali naye wakampata, bwana mmoja mnene aitwaye Manoli, mwenye gari bovu na maneno matamu.

Manoli akawapeleka kuona nyumba ya kwanza. Ilikuwa hapo hapo mjini, ghorofani, na lifti yake inafanya kazi. Chini kuna duka la mikate, mbele kituo cha basi, na ukisimama dirishani unaiona hospitali. Manoli akasema, "Hapa ndipo penyewe, kina mama. Hapa hamtahama tena."

Sikudhani alikaa kwenye kiti kilichoachwa na mwenye nyumba, akanyoosha miguu yake, akafumba macho. Magoti yake yalikuwa yameshakwisha. Miaka yote alikuwa akipanda ngazi za watu na mizigo ya watu, na sasa kila ngazi aliiomba ruhusa kabla ya kuikanyaga. Walipomwambia twende, hakuinuka.

"Niacheni kidogo," alisema. "Nimepumzika."

Mashavu akatazama nje, akaona ukuta wa jirani na nguo zimeanikwa. Koku akasema, "Ni nzuri, lakini ni kama pale pale tulipo."

Manoli akawapeleka kuona nyumba ya pili. Hiyo ilikuwa juu mlimani, katika kijiji cha mawe ambacho vijana wake walikwisha kuhama. Gari linafika chini ya kijiji, halafu mtu anapanda ngazi za mawe, ngazi baada ya ngazi, mpaka mlangoni. Kuta nene, mzabibu umetambaa juu ya baraza, hewa ya baridi, maji matamu. Manoli akasema, akihema, "Hapa ndipo penyewe, kina mama. Hapa hamtahama tena."

Lakini Mashavu hakuingia ndani. Alipita nyuma ya nyumba, akateremka kwenye shamba la mizeituni. Na wenzake hawakumwita, kwa kuwa walijua anakokwenda.

Mashavu alikuwa na mtoto mmoja tu, Shaame. Alimleta kisiwani kijana mzima, aje avune zeituni kijijini hapo apate kuanza maisha. Msimu wa kwanza tu, trekta likapinduka naye pale mtelemkoni. Mashavu siku hiyo alikuwa mjini, amemshika mzee wa watu bafuni. Alipofika kijijini alimkuta mwanawe ameshaoshwa na ameshavikwa sanda. Wavunaji wenzake, Wasiria, ndio waliomwosha na kumswalia. Na kwa kuwa kijiji hakikuwa na makaburi ya Waislamu, mkulima mmoja mzee alitoa pembe ya shamba lake. Shaame akalala hapo, chini ya mizeituni.

Mashavu aliporudi magoti yake yalikuwa na udongo. Akasema, "Dirisha la jikoni linaona kule."

Manoli akawapeleka kuona nyumba ya tatu. Ilikuwa upande wa kusini wa kisiwa, pwani tupu, nyumba ya chini yenye vyumba viwili, chumvi imeula mlango, barabara ni vumbi. Majirani ni wageni wa kiangazi. Baridi ikiingia wanafunga madirisha na kwenda zao. Duka ni mbali, daktari ni mbali zaidi. Manoli akasema, "Hapa ndipo penyewe, kina mama," lakini safari hii hata yeye hakumalizia.

Koku alikuwa ameshavua viatu. Mwanamke huyu alizaliwa kando ya ziwa Nyanza, akakulia majini. Akaja kuishi kwenye kisiwa, mahali palipozungukwa na maji pande zote, na bado hakuwahi kukaa ufukweni hata alasiri moja. Bahari aliiona kupitia madirisha ya wagonjwa, akiwa na beseni mkononi. Sasa alisimama ndani ya maji hadi vifundoni, gauni amelikunja, akitazama mbele. Wenzake walimngojea garini mpaka Manoli akapiga honi.

Basi wakarudi chumbani kwao. Jumapili mchana wakaketi, wakatia chai, na wakagombana kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

Sikudhani akasema, "Mimi sitaki kubembelezwa, nataka haki. Nani aliyewafungulia mlango? Mlipofika hapa hamkujua hata kuomba maji kwa lugha ya watu hawa. Kazi zenu za kwanza nimewatafutia mimi. Magoti haya yamekwisha nikiwapisha ninyi kwenye nyumba zenye lifti, mimi nikichukua zenye ngazi. Leo naomba lifti. Mtu akiomba lifti, ameomba pepo?"

Mashavu akasema, "Shoga, magoti yana dawa. Jambo langu mie halina. Shaame nilimzaa mwenyewe, na huku nilimwita mwenyewe. Mie ndo nilomwambia njoo. Sasa mtu amwite mwanawe, mwana aje afe, halafu amwache mlimani peke yake na watu hata salamu yao haijui? Huyo atakuwa mama gani?"

Koku alizungusha kikombe mkononi. Kisha akasema, "Dada zangu, mimi sina ugonjwa wala sina kaburi. Ndiyo maana hamniulizi. Yaani mpaka nivunjike ndipo na mimi niruhusiwe kutaka kitu?"

Chai ikapoa.

Mwishowe Sikudhani, kwa kuwa ndiye mkubwa, akasema, "Tutauana bure. Mkono utakaotia saini ndio uchague. Koku, chagua wewe. Na utakachochagua, asinung'unike mtu, si leo, si kesho."

Wakala kiapo. Sikudhani na Mashavu waliapa kwa msahafu, Koku akaapa kwa rozari yake. Na Koku akaomba siku za kufikiri.

Siku hizo hakula vizuri. Usidhani ni jambo jepesi kupewa kuchagua. Kila asubuhi alipomwona Sikudhani akishika ukuta ili asimame, alisema moyoni: mjini. Kila alipomwona Mashavu akikunja mkeka wake wa kuswalia taratibu, kama anayemfunika mtu, alisema: mlimani. Na kila alipobaki peke yake, alisema: pwani, pwani, pwani. Jumamosi akawaita.

"Nimechagua mlimani," alisema. "Dada Sikudhani ana maumivu, na mimi nina hamu. Lakini huyu ana mtoto kule. Nisamehe, Dada."

Sikudhani alishusha pumzi. "Umechagua," alisema. "Imekwisha hiyo."

Mashavu akaishika mikono ya Koku, akaibusu kiganjani na nyuma yake.

Wakanunua nyumba ya mlimani. Wakahamia.

Mwanzoni ilikuwa raha. Sikudhani aliupanda mlima kwa kushikwa huku na huku, na alipofika juu alisema, "Sasa nimefika, sishuki tena," wakacheka. Mzabibu ukazaa. Jirani yao, kikongwe aitwaye Eleni, alikuwa akiwaletea mboga za porini, akakaa barazani kuwafundisha kuzipika. Mashavu kila asubuhi aliteremka shambani na kopo la maji, akapalilia kaburi, akazungumza na mwanawe, akapanda tena. Uso wake ulianza kurudi. Hata sauti yake ilibadilika. Alianza kuimba akikuna nazi zile za kununua mjini. Koku, kwa kuwa ndiye bado mwenye nguvu, aliendelea na kazi. Alikuwa akiondoka Jumatatu kwa basi, anarudi Ijumaa.

Halafu ikaja baridi ya pili. Mvua ilinyesha wiki nzima, mawe yakaota utelezi. Sikudhani alikuwa amekaa ndani siku nyingi hata akaanza kusema na kuta. Adhuhuri moja alitoka kwenda kuleta kuni barazani mwenyewe, maana alichoka kuletewa kila kitu. Mguu ukateleza. Akaporomoka kwenye ngazi za mawe, akaenda kukomea kwenye kona, nyonga imevunjika.

Mashavu alisikia yowe akiwa shambani. Alikimbia kupanda kwa namna ambayo hakuwahi kukimbia tangu ujana wake. Akamkuta mwenzake analoa mvua, akampakata kichwa, akapiga kelele mpaka Eleni akatoka. Gari la wagonjwa likafika chini ya kijiji, likaishia hapo hapo. Kijiji kilikuwa cha wazee watupu. Wazee hao, na mikongojo yao, waling'oa mlango mmoja, wakamlaza Sikudhani juu yake, wakamteremsha ngazi moja moja, wakipumzika, wakimwomba radhi, wakiendelea. Sikudhani alipiga yowe mpaka sauti ikakauka.

Alipona, lakini si sana. Alirudi nyumbani akiwa mtu wa kushikwa, wa kuoshwa, wa kugeuzwa. Daktari alisema mazoezi ya nyonga hospitalini ndiyo yatakayomtembeza tena. Lakini kumteremsha mtu yule na kumpandisha, nani angeweza? Alikwenda mara chache, wakakata tamaa.

Koku akaacha kazi ili amtunze. Asubuhi alimwosha Sikudhani, mchana alimlisha, akamgeuza upande huu, akamgeuza upande ule. Mashavu alisaidia, lakini mkono mmoja ulikuwa umeanza kufa ganzi, na akiinua kitu kizito kinamponyoka. Ikawa mzigo wote ni wa Koku.

Siku moja, akiwa amemshika Sikudhani kwapani, mgongo wa Koku ulilia, akaanguka kwa magoti kando ya kitanda. Hakuinuka mara moja. Aliweka paji la uso kwenye shuka, akasema taratibu, "Nimewageuza wazee wa watu miaka yote nikisema nitapumzika. Na sasa ninakugeuza wewe, Dada. Sikulaumu. Ila nimechoka mpaka sijui nitachoka na nini tena."

Sikudhani akageuza uso ukutani.

Haukupita muda, Manoli akaja. Alipanda ngazi zote, akafika mlangoni jasho linamtiririka. Alisema kuna mume na mke kutoka nchi za kaskazini waliopita hapa wakitembea, wakaipenda nyumba hii, hii hii, na mzabibu wake na kuta zake. Wako chini ya kijiji, wanangoja. Wakiinunua, itapatikana nyumba nyingine, moja: ama ile ya ghorofani mjini, ambayo bado haijapata mtu, ama ile ya pwani, ambayo haijawahi kupata mtu. Lakini wana haraka. Kuna nyumba nyingine wamepangiwa kuiona kijiji cha pili, na Manoli anawajua watu wa namna hiyo: wakiipenda ile, hawarudi.

"Nitawangojea chini," alisema. "Zungumzeni, kisha Bi Koku aje anipe jibu."

Wakabaki watatu, chumbani kwa Sikudhani.

Sikudhani akaanza. "Nilisema sitanung'unika, na sikunung'unika. Mnashuhudia. Nimelala hapa nikitazama ukuta huu, neno halikunitoka. Lakini kiapo kile nilikula nikiwa na miguu. Mimi ndiye niliyewatangulia, na mimi ndiye nitakayewatangulia tena huko kwingine. Nipelekeni mjini. Nataka nitembee tena, hata kama ni kutoka kitandani mpaka dirishani."

Mashavu alikuwa amesimama, mkono ule mbovu ameushika kwa mkono mzima. "Sikudhani, ndugu yangu, nilikupakata kwenye mvua. Mungu anajua ningekupa nyonga yangu. Lakini msahafu haukusema 'maadamu tuna miguu.' Mlinipa mwanangu, sasa mnataka kuninyang'anya? Basi la kuja huku linafika chini tu. Mkono huu ukinifia, mguu nao ukifuata, sitaweza tena kuupanda mlima huu kuja kaburini. Mkiniondoa hapa, mmenizikia Shaame mara ya pili. Na safari hii mmenizikia ninyi."

Koku alikuwa kwenye kizingiti, amewapa mgongo, anatazama nje.

"Koku, mdogo wangu," Sikudhani akasema, "sema na wewe."

"Mnataka niseme?" akauliza bila kugeuka. "Haya. Nilipewa kuchagua, sikujichagua. Nikamchagua Mashavu, na sijuti. Ila nyonga ya Dada Sikudhani imevunjikia mikononi mwangu, maana ni mimi niliyemleta kwenye ngazi hizi, na kila nikimgeuza najua hivyo. Nikiwapeleka mjini, nitaendelea kubeba, nikitazama ukuta. Nikibaki hapa, nitaendelea kubeba, nikitazama kaburi. Kule pwani hakuna ngazi. Nyumba ni ya chini, kitanda ningekitoa nje, ningewaweka ninyi wawili kivulini, nikakaa majini mpaka mgongo uache kulia. Najua daktari ni mbali. Najua kaburi ni mbali. Lakini nikianguka mimi, nani atawainua ninyi? Mmewahi kujiuliza?"

Mashavu akasema, "Nyumba ni jina lako. Ukitaka kutuuza, tuuze."

"Usiniambie hivyo," Koku akasema, na sasa alikuwa akilia. "Jina ni langu, kitanda ni cha nani? Mlilala chini ninyi mkanipa kitanda. Ningeweza kusahau hilo, leo ningelala usingizi."

Honi ikalia kule chini. Ikalia tena.

Koku alifuta uso kwa upande wa kanga. Akamsogezea Sikudhani mto chini ya nyonga, kama alivyozoea. Akampita Mashavu, akamshika bega kidogo, Mashavu asimtazame. Akatoka. Akaanza kushuka ngazi, mkono mmoja ukutani, mmoja kiunoni, polepole kama mtu wa miaka mingi kuliko aliyokuwa nayo. Kikongwe Eleni alimwona akipita, akamsalimu, na Koku hakumsikia.

Alipofika chini, mume na mke wale walikuwa wameshaingia garini. Manoli alikuwa amesimama nje, mlango wazi, ufunguo mkononi.

"Bi Koku," alisema, "wanauliza: ndiyo au hapana? Na kama ni ndiyo, niwapigie watu wa mjini au wa pwani?"

Mimi nimefika hapo hapo alipofika yeye, na mbele sina njia. Nimewahi kuisimulia hadithi hii kwenye msiba mmoja, wanawake wakabishana mpaka chakula kikaungua. Mmoja akasema kiapo ni kiapo, mwingine akamwambia hujawahi kumgeuza mgonjwa wewe. Nimewaletea na ninyi. Yuko aliyewafungulia wenzake mlango na sasa hawezi kuufikia mlango. Yuko aliyepewa ahadi mbele ya Mungu, na mwanawe amelala chini ya dirisha. Yuko anayewabeba wote, na hajawahi kupata alichokitaka. Hakuna mwongo kati yao.

Je, nani kati yao alistahili kusikilizwa? Na ungekuwa wewe ndiye umesimama kando ya lile gari, mgongo unauma, wenzako wawili juu wakikungoja, ungemjibu nini Manoli?